Kanuni ya Kumi na Nne

Gerold Raible hakuwahi kuamini kitu asichoweza kukifungua. Kwa miaka arobaini na mmoja alikuwa fundi katika kiwanda cha mizani, kazi yake kuikagua mizani kabla haijatoka getini, na ile iliyomshinda kuifungua aliirudisha ilikotoka na kikaratasi juu yake: "Sijui inafanya nini. Wala ninyi hamjui." Alipostaafu walimpa saa ya ukutani. Aliifungua jioni ileile.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa katika ile nyumba ya kaya nane, chini ya milima ya Alb kusini mwa Ujerumani, pale Raible alipokikataa kisanduku cheusi cha intaneti kilicholetwa na kampuni fulani. Kisanduku kilikuwa kimezibwa kwa gundi. Alikitikisa, akakisikiliza, akakirudisha. Badala yake aliokota kompyuta kuukuu iliyotupwa na daktari wa meno, ambayo hadi leo ikipata joto hunukia karafuu, akaiweka kwenye rafu katika chumba cha kufulia nguo, chini kabisa ya nyumba, akaipakia programu huria ya kulinda na kuongoza mtandao. Programu hiyo haiuzwi. Imeandikwa na watu waliotawanyika huku na huko, wengi wao hawajawahi kuonana, na kila mstari wake uko wazi kwa anayetaka kuusoma. Raible alitaka. Alisoma majira mawili ya baridi mfululizo, na mahali fulani akaona kosa, akawaandikia, wakalirekebisha, wakalitia jina lake katika orodha ya shukrani, la mia mbili na kumi na mbili kutoka juu. Mkewe, Gudrun, aliuchapisha ukurasa huo, akautia fremu, akautundika juu ya mashine ya kufulia. Cheti cha kiwanda kilikuwa bado kwenye bahasha.

Kazi ya kompyuta ile ilikuwa kazi ya bawabu. Chochote cha nyumba kilichotaka kutoka kwenda kwenye intaneti kilipita kwake, na yeye alitazama orodha yake ya kanuni. Kilichotajwa kuwa ruhusa kilipita. Ambacho hakikutajwa kilibaki ndani. Kwingineko jambo hilo huelezwa mara mbili tatu. Wakazi wa nyumba ile walilielewa mara moja, wakashangaa tu kusikia kuna mitandao inayoendeshwa kinyume chake.

Kanuni zilikuwa arobaini na moja. Pembeni mwa ile ya kumi na nne paliandikwa neno moja: Gudrun. Iliruhusu kishikwambi cha Gudrun kwenda popote, wakati wowote, bila kuulizwa. Raible aliiandika mwaka ule mkewe alipoanza kuugua, siku ambayo bawabu alimzuia asisikilize redio moja ya Waholanzi iliyozungumzia waridi tangu asubuhi hadi jioni. "Gerold," alimwambia, "miaka thelathini na minane nakufulia soksi, leo mashine yako inaniuliza mimi ni nani?" Kanuni iliandikwa ndani ya dakika moja.

Gudrun alifariki miaka minne iliyopita. Kanuni ilibaki. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana Raible alikitoa kishikwambi kwenye droo ya jikoni, akakichaji, akakisasisha, akakifuta vumbi, akakirudisha. Hakumwambia mtu.

Shida ilikuja na Thies Ohlsen. Huyu alikuwa mhandisi wa miaka arobaini kutoka Kiel, kaskazini kabisa, mtu mrefu na mpole aliyenunua nyumba ya ghorofa ya tatu akahamia na baiskeli mbili na bila pazia hata moja. Katika nyumba ile, kama katika kila nyumba ya Waswabi, wenyeji wa huko, wanaojiheshimu, kuna kibao cha mbao kinachohama mlango hadi mlango kila Jumatatu. Kikitundikwa mlangoni kwako, wiki hiyo ni yako kufagia na kupiga deki ngazi, ukumbi na njia ya mbele, kuwe na uchafu au kusiwe. Kibao kilipomfikia Ohlsen kwa mara ya kwanza, aliziangalia ngazi, akamwambia jirani yake, Bi Elfriede Mauz, "Lakini ni safi." Bi Mauz, mwenye miaka sabini na sita, hakumsalimia mpaka Pasaka.

Katika mkutano wa wenye nyumba wa majira ya kuchipua, chumba cha nyuma cha mgahawa, Raible alitangaza kwamba mwezi wa kumi atawekewa nyonga mpya na atakuwa hayupo wiki tatu. Ohlsen akanyoosha mkono.

"Sina ugomvi na Bwana Raible," alisema. "Mashine yake ni nzuri. Ila ni yake. Akilazwa, nani kati yetu anajua hata swichi iko wapi?"

"Nyuma," alisema Raible. "Chini, kushoto."

"Na ikiharibika, nani anawajibika? Kitu cha bure hakina wa kumshitaki."

Meza nzima ikaweka glasi chini. Kukosa mtu wa kumshitaki ni jambo zito. Ohlsen akapendekeza wakodi kisanduku cha kampuni, kilichozibwa, chenye fundi wake na namba ya simu ya malalamiko.

Raible aliingiwa na hofu, hofu hasa. Tangu Gudrun aondoke, watu walimgongea mlango kwa sababu moja tu, nayo ilikuwa mtandao. Waliuliza kuhusu mtandao, kisha wakakaa, wakala kipande cha keki, wakaeleza habari za magoti yao. Bila ile kompyuta ya chini angekuwa mzee wa ghorofa ya kwanza mwenye pazia za kijani, basi. Na hakuna kampuni ambayo ingeandika upya kanuni ya kumi na nne.

"Tuiingize kwenye wiki ya kufagia," alisema, sauti ikiwa juu kuliko alivyokusudia. "Mwenye kibao anashuka, anabonyeza kitufe cha kusasisha, anangoja taa ya kijani, anaandika kwenye daftari. Ni kama ngazi tu."

Hilo walilielewa. Hata hivyo Ohlsen alitaka maandishi, akayatunga mwenyewe, neno kwa neno: katika wiki tatu ambazo Bwana Raible hayupo, mtandao ukizimika na wakazi wakashindwa kuurudisha ndani ya saa moja, bila Bwana Raible kutia mguu katika chumba cha kufulia, mashine itaondolewa. Wakiweza, itabaki. Kura tano kwa tatu. Raible alikwenda nyumbani akaandika maelekezo ya ukurasa mmoja, akayabandika ukutani. Mwisho wake aliongeza: "Msiguse kingine." Baadaye akaona ni utovu wa adabu, akakata sehemu hiyo kwa mkasi.

Nyonga ilikwenda vizuri. Wiki ya kwanza daftari, kama alivyosomewa kwa simu, lilisema "kijani", basi. Wiki ya pili kibao kilihamia kwa Bi Mauz, na Raible akalala usingizi wa pono, kwa sababu Bi Mauz kwa kufagia hana mpinzani. Hupiga deki hata ukuta wa nje, mpaka mkono wake unapofika.

Jumamosi ya wiki hiyo, saa nane na nusu mchana, Raible alikuwa amekaa kitandani hospitalini akiitazama saladi ya viazi. Ilikuwa imetiwa mayonezi, kitu ambacho kwao hakitiwi kamwe, na alikuwa bado akitafakari ni nani amlalamikie, simu yake ilipotetemeka. Kwenye kioo palikuwa na picha ya mwanamke aliyekumbatia mzigo wa mashina ya rubabu, mboga ya bustanini, anacheka. Juu yake jina: Gudrun. Chini yake neno moja.

"Upo?"

Raible aliweka uma chini. Kitanda cha pili alilala mkulima mmoja mwenye goti jipya, naye akamtazama.

"Imekukaba hiyo saladi?"

"Mke wangu ameniandikia."

"Sasa si umjibu."

"Amefariki."

Mkulima alifikiri kidogo. "Hata hivyo," alisema.

Raible aliandika: "Nipo." Alingoja. Hajawahi kungoja hivyo maishani, na ni mtu aliyewahi kungoja sindano ya mizani itulie kwa dakika tisa.

"Ni mimi Mauz," likaja jibu. "Usishtuke, Bwana Raible. Nimefagia."

"Umefagia nini?"

"Orodha."

Habari nzima ilikuja vipandevipande, maana Bi Mauz aliandika kwa kidole kimoja na alirudi nyuma kurekebisha nukta. Alishuka, akabonyeza kitufe, taa ya kijani ikaja. Sakafu ilikuwa bado mbichi, asingeweza kuikanyaga, akabaki amekaa mbele ya kompyuta bila kazi, jambo asilolizoea. Akaifungua orodha ya kanuni. Akaona kuna moja ya printa ya akina Haug, ambao walihama miaka sita iliyopita. Nyingine ilikuwa ya friji. Nyingine ilikuwa na tarehe ya miaka kumi na miwili nyuma, na haikuonekana kama kuna mtu aliyewahi kupitisha hata kitambaa. Mkono ukamwasha. Alianza na printa.

"Ukishaanza ngazi huishii ghorofa ya pili," aliandika.

Aliondoa kanuni arobaini. Moja hakuigusa. "Ya Gudrun haikuwa yangu kuigusa," aliandika. Kisha alibonyeza "Hifadhi", na mtandao wa nyumba nzima ukafungwa kimya, maana kisichotajwa hakipiti, na sasa hapakuwa na kilichotajwa ila jina moja.

Simu za nyumbani zilipita njia hiyohiyo, nazo zilikufa. Simu za mkononi hazishiki pale, kilima kinazikinga. Duka la mikate, ambako angeweza kuomba simu, lilikuwa limeshafungwa, Jumamosi mchana. Angeweza kugonga milango, lakini nyuma ya kila mlango kulikuwa na kura, na Bi Mauz hakuwa tayari kufa akiwa ndiye mtu aliyeharibu kitu kwa kufagia. Ohlsen alikuwa ametoka na baiskeli, naye akisema atarudi saa tisa, hurudi saa tisa. Akakaa kwenye stuli, akautazama mstari ule mmoja uliobaki. Ndipo akawaza: kama wote wamefungiwa isipokuwa Gudrun, basi Gudrun anapita. Ufunguo wa nyumba ya Raible alikuwa nao, kwa ajili ya kumwagilia maua. Droo alikuwa anaijua, kwa sababu Gudrun alikuwa rafiki yake.

"Nimekikuta kina asilimia tisini na sita," aliandika. "Kwa nini kina chaji?"

Raible aliandika: "Uko wapi sasa?"

"Mbele ya mashine."

"Kuna ukurasa unaitwa Historia. Upande wa kushoto, chini."

"Kushoto hakuna. Kuna gurudumu."

"Bonyeza gurudumu, Bi Mauz."

"Usinifokee."

"Sijafoka. Nimeandika."

"Umeandika kwa kufoka."

Raible alivuta pumzi. Mkulima, ambaye alikuwa ameacha kujifanya anasoma gazeti, alivuta yake. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro kumi na tatu.

"Tafadhali bonyeza gurudumu," aliandika.

"Sasa ndiyo. Zimekuja tarehe nyingi."

"Kila mtu anapobadilisha kitu, mashine inatunza hali ya zamani. Chagua ile ya siku niliyoondoka, ya kwangu. Halafu bonyeza Rudisha."

"Inaniuliza kama nina uhakika."

"Una uhakika?"

"Hata mara ya kwanza nilikuwa nao."

"Bonyeza."

Muuguzi aliingia kuchukua sahani, akaona nyuso mbili za wazee zimekodolea simu moja, akatoka nayo.

"Zimerudi," likaja jibu. "Arobaini na moja. Nimezihesabu mara mbili." Halafu, baada ya kitambo: "Bwana Raible."

"Naam."

"Juu ya maneno yangu kuna ya kwake, ya siku zile. Sikutaka kusoma, ila yako hapohapo. Anasema lete vitunguu vya majani."

"Najua."

"Ulileta?"

"Nilileta kotimiri."

"Wanaume," aliandika Bi Mauz, na picha ya Gudrun ikatoweka kwenye kioo. Raible alibaki ameishika simu kwa mikono miwili mpaka chai ilipoletwa.

Mkutano wa mwezi wa kumi na moja ulifanyika chumba kilekile cha nyuma. Raible alifika kwa magongo. Alikuwa amejiandaa kusema kosa ni lake, kwamba aliisahau kanuni fulani, lolote, ilimradi jina la Bi Mauz lisitajwe. Hakupewa nafasi. Bi Mauz alisimama, akavaa miwani, akalisoma daftari kwa sauti ya kanisani.

"Jumamosi. Sasisho: kijani. Orodha imefagiliwa, kanuni arobaini. Kanuni arobaini zimerudishwa. Sakafu imepigwa deki. Mauz." Akakaa. "Kilichoandikwa kimeandikwa."

Wote wakamgeukia Ohlsen. Ohlsen akatoa karatasi yake, maana naye alikuwa na kifaa chake nyumbani kinachoandika kila mtandao unapokatika.

"Kuanzia saa nane na dakika saba," alisoma, "hadi saa nane na dakika hamsini na tisa. Dakika hamsini na mbili." "Bwana Raible hakutia mguu?"

"Nilikuwa hospitali," alisema Raible. "Na mguu wangu pia."

"Basi mashine inabaki," alisema Ohlsen. "Ndivyo nilivyoandika." Hakuonekana kukasirika, alikuwa mtu wa kuheshimu maandishi, hasa yake. Lakini hakukaa. "Kuna jambo jingine. Kwa kuwa programu yenyewe iko wazi, nimeisoma, na orodha pia nimeisoma. Kanuni ya kumi na nne inaruhusu kifaa kimoja kila kitu, bila kukaguliwa. Mwenye kifaa hayupo tena. Kitaalamu hilo ni tundu ukutani. Linapaswa kuzibwa."

Kilichomuuma Raible ni kwamba Ohlsen alikuwa amesema kweli. Kama angeikuta kanuni hiyo kwa mtu mwingine, angesema yaleyale, na kwa maneno makali zaidi. Alitazama mikono yake.

"Ni kweli," alisema. "Nitaifuta."

"Hufuti kitu," alisema Bi Mauz. "Bwana Ohlsen, wewe ni msomi. Niambie, siku ile nyumba nzima ilipofungwa, mimi nilitokea mlango gani?"

Ilionekana wazi Ohlsen anafikiri; kwa mhandisi hilo halifichiki.

"Mlango wa dharura," alisema hatimaye, polepole. "Hiyo ni hoja tofauti. Mlango wa dharura hauzibwi. Unawekewa alama, unaachwa wazi, na unakaguliwa kwa ratiba."

Yeye mwenyewe akatunga maandishi: Kanuni ya kumi na nne ni mlango wa dharura wa nyumba. Inabaki. Kifaa chake kikae katika chumba cha kufulia na kichajiwe kila Jumapili na mwenye kibao. Kura nane, hakuna aliyepinga. Raible alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

Alikipeleka chini kishikwambi jioni hiyo mwenyewe, ngazi moja moja, akakiweka kwenye rafu kando ya kompyuta inayonukia karafuu. Jumapili iliyofuata, baada ya chakula, mkono wake ulikwenda kwenye droo ya jikoni kwa mazoea. Droo ilikuwa na mkasi, kamba na betri. Nyumba ilikuwa tupu kuliko ilivyowahi kuwa kwa miaka minne hiyo. Ilimpitia akilini kwamba wiki hii kibao kiko kwa Ohlsen. Akachukua magongo, akashuka.

Kishikwambi kilikuwa mahali pake, kioo kinang'aa. Daftari lilikuwa wazi kando yake, kwa mwandiko mdogo ulionyooka:

"Jumapili. Kishikwambi cha Bibi Gudrun Raible: asilimia mia. Kimesasishwa. Kimefutwa vumbi, mbele na nyuma. Sikufungua ujumbe wowote. Ngazi zimefagiliwa, ingawa zilikuwa safi. Ohlsen."

Raible alikaa kwenye stuli akayasoma mara mbili. Ilikuwa Jumapili, siku ambayo hairuhusiwi kuwasha mashine ya kufulia, kwa hiyo hapakuwa na kelele ya kumsitiri, ikabidi alie kimyakimya. Alipomaliza alichukua kalamu, akaandika chini yake, kama alivyoiandikia mizani kwa miaka arobaini na mmoja: "Imekaguliwa. Ni sahihi. Raible."